Majamvi ya Desemba: Kanazawa na namna ya kumtembeza mgeni

Juu ya milango ya nyumba nyingi za mtaa wa Higashi Chaya, mjini Kanazawa nchini Japani, pametundikwa hindi. Ni hindi hilihili tunalolijua, na maganda yake na ndevu zake, limefungwa kamba chini ya upenu na kuachwa likauke mpaka liwe na rangi ya ukuti wa zamani. Linatoka hekalu la Kannon-in, lililoko kilimani nyuma ya mtaa. Kila mwaka, siku ya tisa ya mwezi wa saba kwa kalenda ya zamani, watu hupanda kwenda kuomba huko, na anayeomba siku hiyo huhesabiwa kama aliyeomba siku 46,000. Hindi lililosomewa dua hupelekwa nyumbani. La mwaka jana hushushwa, jipya likapanda. Punje zake nyingi ni kuomba baraka ya watoto na ya wateja. Ndevu zake nazo zina maana, kwani kwa Kijapani neno la nywele linasikika ndani ya neno la faida.

Nilisimama chini ya mlango mmojawapo asubuhi moja ya baridi, nikahesabu vikundi vitatu vya wageni vikipita, viongozi wao mbele wameinua vibendera. Hakuna hata kiongozi mmoja aliyenyoosha kidole juu. Walitaja mwaka ulioanzishwa mtaa, wakaonyesha mahali picha inapotoka vizuri na duka la aiskrimu lilipo, wakasonga mbele. Mahindi yakabaki yananing'inia juu ya vichwa vyao.

Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni milioni 36.87 kutoka nje, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Wengi wao huijua mitaa ya kale kwa njia moja tu: matembezi ya miguu ya saa moja au mbili, nyuma ya mtu aliyelipwa kuwaonyesha. Huyo mtembeza wageni ana madaraka makubwa kuliko tunavyomfikiria. Anachokionyesha ndicho kitakachonunuliwa, na kinachonunuliwa ndicho kitakachobaki. Tumezoeshwa kuitazama mitaa hii kama vitu vilivyosalia kutoka zamani, kama vile vimesahaulika kabatini na kukutwa vizima. Ukweli wa Kanazawa ni mwingine kabisa: mtaa wa kale unafanywa upya, msimu kwa msimu, kwa mikono ya watu walio hai leo. Matembezi yasiyoonyesha mikono hiyo yanamnyima mgeni kilicho bora, na mwisho wake yanaudhuru mtaa wenyewe.

Kwa asiyeufahamu mji huu: Kanazawa ni makao makuu ya jimbo la Ishikawa, upande wa nchi unaotazama Bahari ya Japani. Umekaa katikati ya mito miwili. Sai, wenye maji ya nguvu, wenyeji huuita mto mwanamume. Asano, unaokwenda taratibu, ni mto mwanamke. Mwaka 1583 Maeda Toshiie aliingia katika ngome ya mji, na ukoo wake ukaitawala nchi ya Kaga mpaka utawala wa mabwana ulipovunjwa mwaka 1871. Utajiri wa zama hizo ulipimwa kwa mchele, kwa kipimo kiitwacho koku, lita kama 180, ambacho kilikadiriwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka mzima. Kaga ilihesabiwa koku zaidi ya milioni moja, na hapakuwa na nyumba nyingine ya kifahari iliyofika hapo isipokuwa Tokugawa wenyewe, watawala wa nchi nzima. Mali kama hiyo ingeweza kununua silaha na kuleta shari. Akina Maeda waliimimina kwenye ufundi: dhahabu, hariri, vyombo vya kauri, bustani, chai. Kisha ikaja vita vya pili vya dunia, na miji mingi ya Japani ikateketezwa kwa mabomu ya moto. Kanazawa haikupigwa.

Hapo ndipo viongozi wengi humalizia hadithi: mji uliponea, na ninyi mnaona kilichoponea. Lakini mbao, udongo na karatasi haviponei kwa miaka 200 kwa sababu tu hakuna bomu lililoanguka.

Twende Nagamachi, mtaa walikoishi samurai wa daraja la kati na la juu. Vichochoro vyake ni vyembamba na vina kona, na pande zote mbili vimezungukwa na kuta za udongo wa manjano, zimekaa juu ya msingi wa mawe na kufunikwa kwa kijipaa chembamba. Kando yake mfereji wa zamani unapita na maji yake safi. Yeyote aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anajua adui wa ukuta huo ni nani. Kanazawa ni mji wa theluji nzito yenye majimaji. Theluji ikigandamana na ukuta, unyevu unaingia ndani, usiku unaganda na kuvimba, mchana unayeyuka, na udongo unabanduka vipande vipande. Baridi chache tu za namna hiyo zingetosha kuugeuza mtaa mzima kuwa rundo la kifusi.

Kwa hiyo kila mwaka, mwanzoni mwa Desemba, mafundi hufika na majamvi ya mabua ya mpunga yaitwayo komo, wakayatundika ukuta baada ya ukuta, kutoka chini ya kijipaa mpaka karibu na mawe ya msingi. Yanakaa hapo mpaka katikati ya Machi. Ukisogea karibu unaona kila jamvi lilivyosukwa: bua limelazwa kando ya bua, mishipi ya kamba imepita katikati kwa nafasi sawa, ncha za chini zimekatwa zikawa sawasawa kama nywele zilizonyolewa. Likilowa linatoa harufu ya shamba baada ya mavuno. Theluji inagota kwenye mabua, inateleza, inaanguka chini. Nyuma yake ukuta mkavu. Niliingiza vidole viwili nyuma ya jamvi moja nikaugusa udongo. Ulikuwa baridi, lakini haukuwa na unyevu hata kidogo.

Nimekaa sana kwenye majamvi kwa sababu kwangu ndiyo kiini cha Nagamachi, na wapo wauza safari wanaowaambia wateja kwamba Desemba hadi Machi si wakati mzuri wa kuja, kwa kuwa kuta zimefunikwa na picha haipendezi. Ni kosa kubwa. Ukuta uliofunikwa ndio ukuta unaojieleza. Mgeni anayeuona katika hali hiyo anaelewa mara moja, bila maelezo marefu, kwamba mtu fulani analima mpunga, mwingine anasuka, mwingine anapanda ngazi na kutundika, na mji unalipa. Anayeuona wakati wa kiangazi, msafi na wa dhahabu jioni, anaweza kurudi kwao akidhani udongo wa Japani hauozi.

Kuna jiwe pia. Kwenye kona za baadhi ya kuta za Nagamachi limewekwa jiwe la kimo cha goti, linaitwa goppo-ishi. Zamani watu walivaa viatu vya mbao vyenye meno mawili chini, na theluji ilikuwa ikijazana katikati ya meno hayo mpaka mtu anashindwa kutembea. Kibonge hicho cha theluji, kwa lugha ya Kanazawa, ni goppo. Mtu alifika kwenye kona, akaligonga jiwe kwa kiatu, kibonge kikaanguka, akaendelea na safari. Hakuna hazina yoyote ndani ya jiwe hilo, wala kiingilio. Lakini ukiliona unaisikia miguu ya watu wa mtaa huo, na nani anaweza kukupa hilo kama si mtu aliyezaliwa hapo au aliyejifunza kwa waliozaliwa hapo?

Mtaani humohumo ipo nyumba ya ukoo wa Nomura, ambayo kila kikundi huingia. Bustani yake ni ndogo na nzuri ajabu, maji yanafika hadi chini ya baraza. Nomura wa kwanza alikuwa mtu wa Maeda Toshiie, na kiwanja kilikuwa cha ukoo huo kwa vizazi. Utawala wa mabwana ulipovunjwa, samurai walipoteza posho zao, viwanja vyao vikakatwakatwa, na wengi waliuza hadi milango. Vyumba vya heshima anavyovishangaa mgeni leo vilihamishwa kutoka nyumba ya mfanyabiashara tajiri wa Daishoji, vikajengwa hapo baadaye. Viongozi wengine hulipita jambo hili haraka, kama vile linaichafua nyumba. Mimi naona linaipa nyumba uzito. Linasimulia anguko la tabaka zima na jinsi mbao nzuri zilivyopata mwenyewe mpya, historia ambayo hutaipata kwa kusikia tu neno "samurai" likirudiwa mara thelathini.

Nyuma ya majamvi kuna sheria, na hapa uchambuzi unahitaji utulivu kidogo. Mwaka 1966 Japani ilitunga sheria ya kulinda miji mikuu ya kale, ikiwa na maana ya Kyoto, Nara na Kamakura. Kanazawa haikuwahi kuwa makao ya mfalme wala ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi nzima, ikaachwa nje. Mji haukukaa kulalamika. Mwaka 1968 ulitunga sheria ndogo yake wenyewe ya kulinda mazingira ya jadi, miongoni mwa za mwanzo kabisa nchini humo. Mwaka 1975 sheria ya taifa ya mali za kitamaduni ikarekebishwa ili mitaa mizima, pamoja na majengo yaliyo peke yake, iweze kulindwa. Higashi Chaya ikaingia kwenye ulinzi huo mwaka 2001, Kazuemachi 2008, miteremko ya mlima Utatsu 2011, na mtaa wa mahekalu wa Teramachi 2012. Nagamachi haumo katika orodha hiyo; unashikiliwa na kanuni za mji wenyewe, jambo linalonifanya niwaheshimu zaidi madiwani wa 1968.

Udhaifu wa ulinzi huo ni kwamba, kwa kiasi kikubwa, unatazama sura ya nje. Paa, fito za dirishani, kimo, rangi ya mbao: hivyo vina kanuni. Kinachofanyika ndani ya nyumba ni habari nyingine. Mtaa unaweza kuhifadhiwa hadi msumari wa mwisho huku maisha yake yamehama.

Kanazawa iliiona hatari hiyo mapema kwa upande mmoja, ule wa mafundi. Mwaka 1996 ilifungua chuo cha mafundi wa jadi, Kanazawa Shokunin Daigakko, kwenye kiwanja cha kiwanda cha zamani cha nguo. Kina fani tisa: uchongaji mawe, vigae, kukandika kuta, bustani, useremala, mikeka ya tatami, milango na madirisha, ufuaji wa bati, na ubandikaji wa karatasi na vitambaa. Wanaoingia si vijana wasiojua kitu. Ni mafundi ambao tayari wanaishi kwa kazi hiyo, wanaokuja kujifunza kwa miaka mitatu zile mbinu ngumu ambazo nyumba za kisasa hazizihitaji tena, na ada hawalipi. Wakimaliza, ndio wanaorudi kwenye kuta na mapaa ya mitaa niliyoitaja. Sijui kama upo uamuzi wa busara zaidi ambao mji umewahi kuufanya kuhusu urithi wake. Nyumba ya mbao ikiungua inaweza kujengwa tena ikiwa yupo anayejua kuijenga. Fundi akifa na ujuzi wake, nyumba iliyosimama nayo imeanza kufa.

Sisi wa pwani tunalielewa hili kwa uchungu. Kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Unguja ziliishi kwa chokaa, na chokaa hutaka kupakwa tena na tena na mtu anayeijua. Pale saruji ilipoingizwa badala yake, ukuta ulishindwa kupumua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Ndiyo maana sikuweza kupita mbele ya jamvi la mabua kama mtalii wa kawaida.

Sasa Higashi Chaya. Mtaa huu ulianzishwa rasmi mwaka 1820, watawala walipoamua kuzikusanya nyumba za chai mahali pamoja, ng'ambo ya mto Asano. Neno nyumba ya chai lisimpotoshe mtu: chaya ni nyumba ya karamu, ambako geisha hucheza, huimba, hupiga shamisen, ala ya nyuzi tatu, na ngoma mbele ya wageni wachache. Zama hizo nyumba za watu wa kawaida hazikuruhusiwa kuwa na ghorofa refu la juu, lakini chaya ziliruhusiwa, kwa sababu karamu hufanyika juu. Mbele ya madirisha ya chini zimesimamishwa fito nyembamba za mbao, zimesongamana sana, zinaitwa kimusuko. Fito hizi hazikuchongwa mraba. Upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, hivyo aliye ndani anaona barabarani vizuri na aliye barabarani haoni ndani. Ukipita mbele yake ukiwa unatembea, fito zinafunga kama mlango. Fundi aliyezichonga alikuwa anajenga siri kwa mbao.

Na siri ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba. Mgeni asiyejulikana hakupokelewa. Ilibidi aletwe na mteja wa zamani, aliyemdhamini kwa tabia na kwa malipo. Nyumba iitwayo Shima, iliyojengwa mwaka huohuo 1820, leo iko wazi kwa watazamaji, na ni mali muhimu ya utamaduni ya taifa. Vyumba vyake vya juu havina makabati ya kuhifadhia matandiko kama yalivyo katika nyumba za Kijapani, kwa kuwa hakuna aliyelala humo. Ni chumba cha wageni, na mbele yake chumba kidogo cha kuchezea, basi. Chini, jikoni, kuna kisima na chumba cha mawe kilichochimbwa ardhini. Kwa kuangalia tu kisichokuwepo, yaani makabati, mtu anaelewa biashara yote ya nyumba.

Lakini toka nje uitazame barabara. Nyumba nyingi nyuma ya fito hizo sasa ni maduka, mikahawa, sehemu za kukodisha kimono. Chaya zinazopokea wageni kwa karamu za geisha ni chache. Treni ya kasi ya Shinkansen ilifika Kanazawa tarehe 14 Machi 2015, na safari kutoka Tokyo ikawa saa mbili na nusu hivi. Umati ulikuja, na pamoja nao kodi za nyumba na hamu ya kuuza. Siwalaumu wenye nyumba. Mzee anayemiliki nyumba ya mbao ya miaka 200, yenye paa linalohitaji vigae, ana haki ya kula. Ninachosema ni kwamba fito za kimusuko zilichongwa ili zizuie macho, na sasa zimegeuzwa pambo la duka ambalo mlango wake uko wazi kutwa. Kiongozi wa matembezi asipolisema hili, nani atalisema?

Nataka kuwa mwadilifu kuhusu aiskrimu ya dhahabu, maana nilifika nikiwa nimeishaihukumu. Ni aiskrimu iliyofunikwa juu kwa utando mmoja wa dhahabu, na foleni yake ni ndefu. Utando huo, kinpaku, una unene wa karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukipumua karibu nao unajikunja. Karibu utando wote wa dhahabu wa Japani, asilimia 98 au zaidi, unatengenezwa Kanazawa. Habari zake zinarudi hadi 1593, Maeda Toshiie alipotuma agizo utengenezwe nchini kwake. Baadaye serikali ya shoguni iliipa miji mingine kazi hiyo na kuikataza kwingineko, na mafundi wa Kanazawa wakaifua kwa siri kwa miaka mingi. Namna bora ya kuifua, iitwayo entsuke, hutumia karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, ikalowekwa katika maji ya majivu ya mabua, utomvu wa tunda la kaki na mayai, kisha ikapigwa na kurudiwa mpaka iwe laini kiasi cha kuikubali dhahabu. Kuiandaa karatasi ndiko kuliko na kazi kuliko kuifua dhahabu yenyewe. Desemba 2020 UNESCO iliiingiza entsuke kwenye orodha ya urithi usioshikika, pamoja na mbinu nyingine za kutunza majengo ya mbao ya Japani.

Soko kubwa la utando huo lilikuwa madhabahu za Kibudha za majumbani, zile zinazopakwa dhahabu ndani. Nyumba mpya hazina nafasi ya madhabahu kubwa, na vijana wengi hawanunui. Mafundi wamepungua. Kwa hali hiyo mtu anayenunua aiskrimu ya dhahabu hafanyi upuuzi. Anaweka utando mmoja sokoni. Kasoro iko kwenye kinachofuata, yaani kutofuata kitu. Mgeni analamba, anapiga picha, anaondoka bila kuambiwa kwamba hatua chache kutoka hapo mtaani wapo watu ambao wameshika karatasi ileile kwa miezi. Lau kiongozi angetumia dakika kumi kumweleza habari ya mayai na majivu, mgeni huyo angetafuta sanduku dogo lililopakwa utando wa entsuke, akalipa bei yake, na fundi mmoja angepata sababu ya kumfundisha mwanafunzi.

Mfano wa mambo yanapokwenda mrama uko Kyoto, mtaa wa Gion. Huko geisha na wanafunzi wao, maiko, walikuwa wakifuatwa njiani wakienda kazini, wakivutwa nguo, wakizibiwa njia kwa ajili ya picha. Mwaka 2019 wakazi waliweka mabango ya kukataza kupiga picha kwenye vichochoro vya watu binafsi na kutangaza faini ya yeni 10,000; mwaka 2024 wakasonga mbele na kuwazuia watalii kuingia kabisa katika baadhi ya vichochoro hivyo. Wapo waliosema wakazi wamevuka mpaka. Naona walichelewa. Maiko ni binti wa miaka kumi na kitu anayetembea kwa viatu virefu kwenda kazini, na kazi hiyo ndiyo inayoufanya mtaa uitwe Gion. Mtaa ukikubali amkimbie mgeni, utabaki na kuta.

Kuna jambo la kisheria lililoongeza ugumu. Tangu 1949, mtu aliyetaka kuwaongoza wageni kwa lugha ya kigeni kwa malipo alilazimika kufaulu mtihani wa taifa na kupata leseni. Januari 2018 sharti hilo liliondolewa. Leseni ipo bado, ila asiye nayo naye anaruhusiwa kulipwa. Sababu ilieleweka, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na viongozi hawatoshi. Sitetei mtihani kwa ajili ya mtihani, maana mtu anaweza kukariri miaka yote ya ukoo wa Maeda asijue hindi mlangoni ni la nini. Lakini mlango ulipofunguliwa, jukumu la kusema mtembeza wageni anawajibika kwa nani halikupewa mtu. Anawajibika kwa mteja aliyemlipa, bila shaka. Mtaa wenyewe je?

Kanazawa ina jibu lake dogo ambalo lingestahili kuwa kubwa. Ni kundi la wenyeji wa kujitolea liitwalo Maidosan, kutokana na salamu ya watu wa huko. Wanakaa kwenye vijumba vya kupumzikia katika mitaa ya kale, Nagamachi na Higashi Chaya wakiwemo, wanamngoja mgeni, wanamtembeza bure. Bibi aliyenitembeza Nagamachi alikuwa mwenye umri wa mama yangu. Hakuwa na kibendera wala kipaza sauti. Alizungumza kwa sauti ya chini kila tulipopita mbele ya nyumba inayokaliwa, na mara mbili aliinamisha kichwa kusalimia dirisha ambalo mimi sikuwa nimeona mtu ndani yake. Ndiye aliyenionyesha jiwe la goppo. Alilipiga kidogo kwa ncha ya kiatu chake cha mpira, akatabasamu.

Ningependa kila kampuni inayouza matembezi Kanazawa ifuate mwenendo wake: kikundi kidogo kinachoweza kusikia bila kipaza sauti, ratiba inayofuata msimu ili Desemba watu waletwe kuona majamvi yakitundikwa na Machi yakishushwa, na sehemu ya bei ya tiketi iende moja kwa moja kwenye majamvi, fito na vigae. Mgeni aliyelipa nauli ya ndege na treni ya kasi hatashindwa kulipa bei ya jamvi moja. Akiambiwa kwamba amelipia jamvi, nina hakika atalipa kwa furaha na kulisimulia kwao kuliko picha zake zote.

Wakati wa kufanya hivyo ni sasa. Tarehe 1 Januari 2024, tetemeko la ukubwa wa 7.6 liliipiga rasi ya Noto, kaskazini mwa jimbo hilohilo. Wajima, mji wa vyombo vya laka, ulipoteza mtaa wake wa soko la asubuhi kwa moto. Nyumba za mbao za vigae vyeusi zililala vijijini, na Kanazawa kwenyewe baadhi ya kuta za mawe za ngome zilibomoka. Wanaohitajika kuyanyanyua hayo ni walewale: fundi vigae, fundi wa kukandika, seremala, mchonga mawe. Idadi yao haiwezi kuongezwa kwa bajeti ya dharura ya mwaka mmoja. Walipaswa kuwa wamefundishwa miaka 20 iliyopita, na wale waliopita kwenye chuo cha Kanazawa walifundishwa.

Matembezi yangu yaliishia Kazuemachi, kando ya mto Asano, jua likishuka. Ni mtaa mdogo kuliko Higashi, mstari mmoja wa chaya unaotazama maji, na nyuma yake vichochoro vya upana wa mabega. Kutoka juu, penye hekalu la Kishinto la Kubo-ichi, kuna ngazi ya mawe inayopinda kuingia mtaani. Inaitwa Kuragari-zaka, mteremko wa giza, kwa sababu jua haliufikii vizuri hata mchana, na zamani wateja waliokuwa hawataki kuonekana walishukia hapo. Tulishuka kimya. Dirisha la juu la nyumba moja lilikuwa na taa, na nyuma ya karatasi yake mtu alikuwa akijifunza shamisen. Alipiga nyuzi tatu, akakosea, akarudia. Akakosea mahali palepale, akarudia tena. Bibi yule alinigusa mkono, akanionyesha njia ya pembeni inayoelekea darajani, tukaifuata.